Tuliomba mpira, Konami wakatuletea dubwi

Mhariri, salamu nyingi kutoka Kihonda, Morogoro. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti naanzaga ukurasa wa nyuma wa michezo ndo narudi mbele kwenye siasa nikipata muda, na leo nimeamua kuandika kwasababu kuna habari mliitoa aya mbili tu pembeni ya tangazo la magodoro, ile ya Electronic Arts, wale wenye gemu ya FIFA ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, kwamba Septemba 2025 wamekubali kununuliwa kwa dola bilioni 55 na mfuko wa serikali ya Saudi Arabia pamoja na kampuni za uwekezaji za Silver Lake na Affinity Partners. Mkaishia hapo. Hamkusema kwamba kati ya hizo bilioni 55, bilioni 20 ni mkopo, na mkopo kila mtu anajua unalipwaje, unalipwa na mteja.

Kwa mtu wa kawaida hiyo ni habari ya matajiri wanauziana mali zao. Ila sisi tuliokulia kwenye mabanda ya gemu tulikesha nayo, watu wazima na ndevu zetu, tunabishana kama vile Simba ndo imeuzwa, maana gemu za mpira zenye jina ni mbili tu dunia nzima, hiyo ya EA na ile ya kampuni ya Konami ya Japani iliyoitwa PES, na hii ya Konami kwetu sisi ilishafariki, kilichobaki ni jina lingine kabisa kwenye simu za watoto. Sasa mtu ulibakiwa na mlango mmoja halafu unasikia na wenyewe umeuzwa kwa mkopo. Lazima uwe na wasiwasi. Barua yangu lakini siyo ya EA, hao ngoja tuwaangalie, mimi nataka niseme kuhusu Konami kwasababu yaliyotupata kule ndo nayaogopa yasije na huku.

Banda nilifungua 2007. PS2 mbili, yaani mashine za gemu za PlayStation 2 zile nene, TV mbili za kichogo, benchi la mbao, na pazia la kanga la kuzuia jua lisipige kwenye kioo. Mechi shilingi mia mbili, aliyefungwa anaamka, na ukifungwa tano unaamka bila kubisha, hakuna cha padi ya kuchezea imekwama. CD iliyokuwa inaliwa ni PES 6, ilitoka 2006 huko kwao, kwetu iliingia na fundi mmoja aliyekuwa anashuka Kariakoo kila mwisho wa mwezi. Wallah sijawahi kuona kitu kinachounganisha watu namna ile. Dereva wa bodaboda, mwalimu wa sekondari, mtoto ametoroka tuisheni, wote benchi moja wanagombania Inter Milan kwasababu ya Adriano, maana Adriano wa PES 6 ukimpa nafasi mita thelathini na mguu wa kushoto, kipa anaenda kuokota tu nyavuni. Ilifika mahali nikaweka sheria, Inter ikichukuliwa leo na wewe kesho unaipisha.

Leseni za kutumia majina halisi ya klabu Konami hawakuwa nazo za kutosha, Liverpool iliitwa Merseyside Red, Chelsea ikaitwa London FC, na hakuna aliyejali, mtoto wa darasa la nne anakuelekeza London FC ni akina Drogba we mshamba nini. Na kulikuwa na ile Master Ligi, sehemu ambayo unapewa timu ya wachezaji wa kubuni, akina Castolo, Minanda, Ximelez, na kipa Ivarov, watu ambao hawajawahi kuzaliwa, unaanza nao chini kabisa na hela huna, unauza huyu unanunua yule mpaka unabeba kombe. Kuna kijana aliniuliza kwa uchungu kabisa, bro, Castolo siku hizi anacheza wapi? Nikakosa moyo wa kumwambia. Memori kadi ya wateja wa Master Ligi nilikuwa naifungia kwenye droo na ufunguo kama hati ya kiwanja, kwasababu humo ndani kulikuwa na misimu sita ya watu.

Najua kuna msomaji ameshaanza kusema nyie CD zenu zilikuwa za kuchoma, PS2 zilichipiwa ili zisome CD feki, hata senti haikufika Japani, mnalalamika kama nani. Kweli, hapo sibishi. Lakini tulivyoingia PS4 mchezo ule uliisha, nikanunua CD orijino kama binadamu wengine, PES 2017, PES 2019, mpaka ile ya mwisho, na zote zipo hapa kwenye kabati na maganda yake. Kwahiyo kwa hizo nina haki, na kwa zile za zamani naomba radhi, ila ndo zilizotufanya tuwe wateja.

Kitu kinachoniuma ni kwamba hawa jamaa walikuwa wanatujali bila kujua. Nitoe mfano mmoja ambao watu wengi hawaujui. PES 2014, ile waliyoanza kutumia injini mpya ya Fox, yaani programu inayoendesha gemu, ikatoka haina hata mvua, kwenye PS4 haikutoka kabisa, lakini kwenye PS2 ilitoka! Novemba 2013, mashine ambayo Japani iliingia sokoni mwaka 2000 bado inaletewa CD mpya, moja kati ya CD za mwisho kabisa kutengenezwa kwa PS2. Huko Ulaya watu walicheka, nani bado ana PS2. Sisi! Sisi ndo tulikuwa nayo. Siku ile banda lilijaa mpaka nje.

Baadae mambo yakaanza kulegea. 2018 leseni ya Champions League waliyokaa nayo miaka kumi ikaondoka kwenda gemu ya FIFA, ule wimbo ukapotea kwenye PES, watu wakahama. Mwaka uliofuata wakajibu kwa kuichukua Juventus peke yao, FIFA wakalazimika kuiita Piemonte Calcio, tukacheka wiki nzima, mashabiki wa FIFA wakawa wanapita mbali na banda langu. Na uwanjani, yaani kwenye mpira wenyewe namna unavyotembea, PES 2021 mpaka kesho naitetea, na sauti ya mtangazaji Peter Drury ilikuwa inafanya hata mechi ya shilingi mia tatu ionekane fainali.

Julai 2020 wakatangaza kwamba mwaka ule hawaleti gemu kamili, wanaleta marekebisho tu ya msimu kwa bei ya chini, kwasababu nguvu zote wameziweka kwenye gemu mpya inayojengwa upya kwa injini ya Unreal kwa ajili ya mashine mpya. Tukawaelewa. Waungwana wamesema ukweli na bei wameshusha, tusubiri, subira yavuta heri.

Julai 2021 kumbe heri yenyewe ni kwamba jina la PES limefutwa. Inaitwa eFootball, ya bure, hakuna tena CD ya kila mwaka. Septemba 30 ikatoka, na Mhariri kama hukuziona zile picha bora usizione, sura za wachezaji zimepinda kama mtu ameng'atwa na nyuki, wachezaji wanapishana wanaingiliana kama mizimu, klabu ziko tisa tu. Tisa! Master Ligi hakuna. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikapigwa kura za kuwa moja kati ya gemu mbaya kuliko zote zilizowahi kuwekwa pale. Konami wakaomba radhi hadharani, toleo la kwanza la ukweli walilosema linakuja Novemba wakalisogeza, waliolipia kifurushi mapema wakarudishiwa hela, mpaka Aprili 14, 2022 ndo likatoka. Kwahiyo tangu PES 2021 tulikaa zaidi ya mwaka na nusu tunacheza marekebisho ya gemu ya 2019 huku tukiambiwa tuvumilie.

Halafu Juni 2022 ikaja zamu ya wenye simu. Ile PES ya simu iliyokuwa inachezwa na kila kijana mwenye Tecno, ikabadilishwa kuwa eFootball kwa njia ya apdeti. Hukuulizwa unataka au hutaki, ukiapdeti imeondoka, usipoapdeti haifunguki. Hapa ndo nilipoanza kuelewa kwamba tatizo siyo gemu mbovu, gemu mbovu tumeshaziona, PES 2008 ya PS3 ilikuwa mbovu na tulirudi kwenye PES 6 maisha yakaendelea. Hii ni kwamba huna pa kurudi. Huna kitu mkononi. CD yako ya zamani ukiipenda utacheza na mjukuu wako, ila hii wakizima huko Tokyo huku kwetu imezimika.

Na hizo ratiba zao ndo zinachosha kabisa. Master Ligi waliiahidi itakuja kama kitu cha kulipia pembeni, wakaiweka kwenye mipango ya 2023, 2023 ikaisha mimi nimekaa na hela yangu mkononi, haijaja. Hela nilikuwa nayo Mhariri! Niliitenga! Mtu anakuambia nitakuuzia, unasema haya niuzie, anaondoka. Biashara gani hiyo? Kila ikifika msimu mpya tunafungua matangazo yao tunatafuta neno moja tu, Master Ligi, tunakuta kadi mpya ya Messi.

Sasa nifike kwenye dubwi, maana kwenye kichwa cha barua nimelitaja. Nyie wa mjini mnayajua madubwi, zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu taa zinazunguka, zimejaa kila genge. Miaka ya 2017 hivi alikuja jamaa bandani kwangu akanipa hesabu, akasema bro hiyo PS inakaliwa na watu wawili dakika kumi unapata mia tatu, mashine yangu mtu mmoja anamaliza buku mbili kwa dakika tano na haombi chenji. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Sitaki kujifanya mtakatifu, niliweka moja miezi miwili. Sheria inasema chini ya miaka 18 haruhusiwi, nikawa nafukuza watoto, lakini banda likabadilika harufu, kelele za ushindani zikaisha, mtu anakuja peke yake, anatumbukiza peke yake, anaondoka peke yake kanuna. Nikamwambia aje achukue mashine yake. Mabanda mengi ya wenzangu hayakurudi, ukipita mtaani leo palipokuwa na PS pana dubwi.

Nikaja kusoma historia ya Konami nikashika kichwa. Hii kampuni ilianza 1969 Osaka na kazi ya majukibox, yale makabati ya muziki, unatumbukiza sarafu linapiga wimbo. Mpaka leo wanatengeneza mashine za kamari, Japani wana zile za pachislot, na Las Vegas wana kampuni yao kabisa inayouza mashine kwenye kasino. Pia wana majimu ya mazoezi, sijui hata kwanini, ila wanayo. 2015 bosi wao wa upande wa gemu, Hideki Hayakawa, alisema wazi kwamba mustakabali wa gemu uko kwenye simu, mwaka huohuo Hideo Kojima aliyewatengenezea Metal Gear akaondoka, na ile P.T. iliyokuwa utangulizi wa gemu mpya ya kutisha ya Silent Hill wakaiondoa hata dukani isipakuliwe tena. Mashabiki duniani wakalia, sisi wa mpira tukasema hayo ni ya wapenda mizimu, hayatuhusu. Kumbe foleni ilikuwa inakuja kwetu.

Maana eFootball ni nini ukiifungua? Kuna sarafu, koini. Koini unanunua kwa hela ya kweli au unapewa kidogokidogo ukiingia kila siku. Ukiwa nazo unaspini, mpira unazunguka, taa zinawaka, moyo unadunda, unatafuta kadi ya Big Time ya gwiji fulani, unatoka na beki ambaye humjui. Unaspini tena. Mimi niliyekaa na dubwi bandani miezi miwili naijua ile sura ya mtu anayesubiri gurudumu lisimame, na hawa watoto wakiwa wanaspini wana sura ileile. Tofauti ni kwamba dubwi likikupa, linakupa hela. Hii ikikupa inakupa Gullit ambaye wiki ijayo kutakuwa na mwingine mwenye spidi zaidi yake.

Vijana wangu hapa wananiambia mzee umepitwa, tuache. Na wana hoja, nisiwanyime. eFootball ya sasa siyo ile ya 2021, mpira wake umekuwa mzuri, ni bure, mtoto wa Nzega mwenye simu na bando la jero anacheza na mtu wa Mombasa au Bujumbura bila kununua PS ya laki nane, na Konami wanasema imepakuliwa zaidi ya mara milioni 750. Ningekuwa mimi ndo mkurugenzi kule Japani ningefanya hivyohivyo, nisingemsikiliza mwenye banda wa Morogoro. Hata Castolo angeuzwa kwa koini.

Ila kuna jambo wananificha au hawalioni. Hawa hawa Konami, Oktoba 2024 wametoa Silent Hill 2 mpya, Agosti 2025 wakatoa Metal Gear Solid Delta, Septemba yake Silent Hill f, zote gemu kamili, unalipa mara moja unaondoka nayo. Kwahiyo wanaweza! Hawajasahau kutengeneza CD. Wameamua tu kwamba mpenda mizimu auziwe gemu na mpenda mpira auziwe spini. Hapo ndo penye donge langu, siyo eFootball kuwepo, ibaki watoto wacheze, mimi nauliza kwanini kando yake pasiwe na CD moja ya kulipia, Master Ligi ndani, ediiti ya kubadilisha majina na jezi ndani, padi mbili, basi. Hata kama ni kila baada ya miaka minne kama Kombe la Dunia. Hiyo ediiti siyo kitu kidogo kwetu, kwenye CD rasmi hatujawahi kuiona Simba wala Yanga, ni vijana wa huku huku ndo waliokaa usiku na kompyuta wakatengeneza jezi na majina wakatutilia ligi yetu kwenye PES za kompyuta na zile za PPSSPP, programu inayochezesha gemu za PSP kwenye simu, bila kulipwa na mtu, na derbi ya Kariakoo kwenye TV ya kichogo ni kitu ambacho nilidhani nitakufa sijakiona.

Na kwa banda la kisasa eFootball haifai, wenye akili watanielewa. Wawili mnaweza kukaa pamoja mkacheza lakini ni kwa timu zile walizoamua wao kuwafungulia, vitu vitamu vyote viko kwenye akaunti ya mtu, na akaunti ya mtu haikai kwenye benchi, haiwezi kupishwa. Umeme ukirudi unasubiri apdeti, apdeti inakula bando, bando likiisha mteja ameshaenda kubeti. Sony nao wameleta PS5 Pro mwishoni mwa 2024 haina sehemu ya kuingizia CD, unainunua pembeni. Wote wanaelekea kulekule. EA hao walionunuliwa wana Ultimate Team yao ya kufungua mapaketi ya kadi za wachezaji tangu zamani na ndo inayowaingizia, sasa mwenye deni la bilioni 20 atakazania CD yangu au mapaketi? Hata wewe Mhariri ungejibu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Ukurasa wa michezo mnatuandikia mpaka winga wa daraja la pili Ureno ametazamwa na wakala, ni sawa, lakini watu wanaocheza hizi gemu nchi hii ni wengi kuliko wanaojua huyo winga. Kampuni ikitangaza ratiba yake, ikisogeza, ikifuta, andikeni, mhoji wenye mabanda, mhoji vijana wa pachi wanaotutilia timu zetu kwenye gemu, mhoji wazazi pia kuhusu hizo spini maana mzazi anajua dubwi la gengeni ila lililoko mfukoni mwa mtoto halijui.

Na lingine, naomba msilikate hata kama nafasi ni ndogo. PS2 yangu moja bado inadunda, Jumamosi tunacheza ligi ya PES 6 ya watu wazima tupu, kumi na mbili tumeshajiandikisha, Inter imepigwa marufuku. Ila hii ya pili lenzi imechoka, inasoma CD ikiwa imelazwa ubavu tu na jiwe juu. Kama kuna msomaji ana PS2 nene iliyokufa kitu kingine lakini lenzi yake ni nzima, ashuke Msamvu apande daladala za Kihonda, aulize banda la gemu lenye pazia la kanga. Nitanunua, na mechi ya kwanza bure.

Mwenye banda,
Kihonda, Morogoro